Kompyuta ya Ofisini: Ibadilishwe au Iachwe?



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuitengenezea viraka Windows 10, programu inayoendesha kompyuta nyingi katika maofisi yetu. Tangu siku hiyo yamekuwapo mabishano kila penye kompyuta, kuanzia maofisi ya boma la Nchelenge mpaka vibanda vya kupiga chapa karibu na soko la Kashikishi. Wako wanaosema tuhamie Windows 11 mara moja. Wako wanaosema mashine inafanya kazi vizuri, isiguswe. Na wako wanaosema wote hao wamekosea.

Huenda mwenzetu anayechuma chai kule Kawambwa, au anayebeba barafu na samaki hapa pwani ya Mweru, akasema: hayo ni mambo ya makarani, mimi sijawahi kuigusa hiyo kompyuta. Ndugu, yafaa tuelewane hapo mwanzoni. Hesabu ya siku zako za kazi imo humo. Kilo ulizochuma zimo humo, na saa zako za ziada pia zimo. Hata fedha unayokatwa kila mwezi kwa ajili ya NAPSA imeandikwa humo. Zamani mfanyakazi wa shamba alitembea na kipande chake mfukoni, akaona kwa macho yake kila siku ilivyowekewa alama. Leo kipande kimo ndani ya mashine, na mwenyewe hakioni. Kwa hiyo mashine ikiugua, anayeumia si karani peke yake.

PROGRAMU HIYO NI KITU GANI

Asubuhi shambani, kabla mtu hajashika panga, yuko mnyapara anayegawa kazi: huyu mstari huu, yule mstari ule, fulani achukue jembe, fulani apande gari. Ndani ya kompyuta kazi hiyo hufanywa na programu moja kubwa iitwayo mfumo endeshi. Ndiyo inayoamka kwanza mashine inapowashwa. Ndiyo inayoruhusu programu ya mishahara ifanye kazi yake, inayopeleka maandishi kwenye mashine ya kuchapa, na inayotunza mafaili. Windows ni mfumo endeshi mmojawapo. Linux ni mwingine.

Hakuna mfumo endeshi usio na kasoro. Watu waovu huzitafuta kasoro hizo wapate kuingia ndani ya kompyuta za watu na kuiba au kuharibu. Watengenezaji nao, kila wanapoigundua kasoro, hutengeneza kiraka na kukipeleka kwa watumiaji kwa njia ya intaneti. Kampuni inapotangaza kwamba mfumo fulani umefikia mwisho, maana yake si kwamba kompyuta itazimika. Itawaka kama kawaida kesho na keshokutwa. Maana yake ni kwamba kasoro mpya ikigunduliwa, hakuna atakayeiziba. Ni sawa na mtumbwi ambao fundi wake ameacha kuukarabati: unaelea bado, lakini kila ufa unaotokea utabaki.

Kampuni hiyo ilitoa nafasi ya kuongeza muda. Mtu binafsi aliweza kujiandikisha apate viraka vya mwaka mmoja zaidi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Makampuni na maofisi yalitakiwa kulipa dola 61 za Marekani kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Ukijumlisha, kompyuta moja kwa miaka yote mitatu ni dola 427. Kwa fedha hizo yawezekana kupata kompyuta nyingine. Basi huko ni kununua muda tu, na si dawa ya kudumu.

MAONI YA WATUMIAJI

Maoni ya kwanza ni ya karani mzoefu. Yeye husema: «Kazi yangu naijua kwa mfumo huu. Kila kitu najua kilipo. Mkibadilisha nitakuwa mwanafunzi tena, na mshahara ukichelewa mtanilaumu mimi.» Wengine humcheka na kumwita mtu wa zamani. Kumcheka si haki. Mabadiliko ya namna hii humwangukia karani bila siku hata moja ya mafunzo, naye hutakiwa kutoa orodha ya mishahara tarehe ile ile. Hofu yake ina sababu.

Tena yako mambo yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2016, Windows 10 ilipokuwa ikienezwa, watumiaji wengi duniani walilalamika kwamba mashine zao zilianza kujibadilisha zenyewe bila wao kukubali. Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, walinzi wa wanyama wa pori la Chinko, wanaotumia intaneti ya setilaiti yenye gharama kubwa, waliona kompyuta yao imeanza kuivuta programu hiyo mpya ingawa hawakuiomba. Katika jimbo la California huko Marekani, mwanamke mmoja mwenye biashara ndogo ya safari aliishitaki kampuni hiyo kwa sababu mashine yake iliharibika baada ya mabadiliko, akashinda, akalipwa dola 10,000. Kwa hiyo anayetaka aulizwe kwanza hana kosa lolote.

Maoni ya pili ni ya kijana aliyesoma kompyuta. Husema: «Kubaki na mfumo usiozibwa ni kuwaalika wezi.» Naye ana ushahidi. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Kilifunga mafaili, kikadai fidia. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kampuni ya Renault ilisimamisha kazi katika baadhi ya viwanda vyake vya magari, na mwezi uliofuata kiwanda cha Honda cha Sayama, Japani, kilisimama siku nzima. Wafanyakazi wa viwanda, si makarani, ndio waliokuta mitambo imekaa kimya.

Lakini tusome somo hilo mpaka mwisho wake. Kompyuta nyingi zilizoshikwa siku ile hazikuwa na mfumo uliokwisha kuachwa. Zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inatengenezewa viraka. Kiraka cha kuzuia kirusi hicho kilitolewa tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla. Hakikuwekwa. Kumbe kununua mfumo mpya peke yake hakutoshi. Asipokuwapo mtu mwenye wajibu na muda wa kuutunza, mfumo mpya utavuja kama wa zamani.

Maoni ya tatu ni ya mwenye kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala. Yeye haulizi kama mfumo mpya ni mzuri. Anauliza gharama. Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, haikubali kila mashine. Inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, na kidude cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Tena kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hukataliwa kwa sababu ya umri wa kichwa chake cha kukokotoa, hata kama ni nzima. Kuivuta programu yenyewe ni zaidi ya gigabaiti 5 za intaneti, na kuipakia huchukua saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati, kazi huharibika. Hapa Zambia tunakumbuka mwaka 2024, ukame ulipolipunguza maji bwawa la Kariba na mgao wa umeme ukawa mkali mno. Maneno ya mjini kwamba «ni kubonyeza tu» hayana maana kwa mtu asiyejua umeme utarudi saa ngapi.

Maoni ya nne ni ya wale wanaopendelea Linux. Mfumo huo ulianzishwa mwaka 1991, hautozwi bei, na baadhi ya aina zake huendesha vizuri mashine kuukuu zilizokataliwa na Windows 11. Hata lugha yetu imo katika njia hiyo ya programu huru: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili. Kwa kuandika barua, kumbukumbu za mikutano na hesabu ndogo za tawi, njia hii yafaa kabisa. Ila tahadhari ni moja. Programu nyingi za mishahara zimetengenezwa kwa ajili ya Windows tu. Kabla ya kuhama, sharti programu ya mishahara ijaribiwe kwanza.

JAMBO AMBALO WENGI HAWALISEMI

Ndugu, ukisikiliza maoni yote manne utaona kila mmoja ameshika ukweli fulani. Lakini wote wanazungumza habari ya mashine. Sisi yatupasa kuuliza habari ya kumbukumbu zilizomo.

Tuhesabu pamoja. Chini ya NAPSA mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 5. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi uzeeni anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Sasa tazama umri wa hizi programu. Windows XP ilitolewa Oktoba 2001 ikaachwa Aprili 2014: miaka 12 na nusu. Windows 7 ilitolewa Oktoba 2009 ikaachwa Januari 2020: miaka 10 na ushei. Windows 10 ilitolewa Julai 2015 ikaachwa Oktoba 2025: vile vile miaka 10 na ushei. Hakuna hata moja iliyofikisha miaka 15.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mfanyakazi atakayeanza kazi leo hataifikisha miezi yake 180 bila kompyuta ya ofisini kubadilishwa mfumo mara moja, pengine mara mbili. Kila badiliko ni kama kuhama nyumba, na katika kuhama ndimo vitu vinapopotea. Mwezi mmoja ulioruka, jina lililoandikwa vibaya, namba ya uanachama iliyokosewa tarakimu moja, haya hayapigi kelele siku yanapotokea. Hugunduliwa mzee anapokwenda kudai haki yake, naye karani wa siku zile amekwisha kuhama, na mashine ya siku zile imekwisha kutupwa.

Kwa hiyo swali la kubadilisha au kutobadilisha limekwisha kujijibu: kubadilisha kutakuja, tukipenda tusipende. Swali la kweli ni kwamba kutafanywa kwa utaratibu gani, na kwa gharama ya nani.

LA KUFANYA MATAWINI

Katika mkutano wa tawi, wanachama wayaulize mambo haya, na majibu yaandikwe.

Kwanza, nakala. Kabla mfumo haujaguswa, kumbukumbu zote za mishahara na michango zinakiliwe katika diski ya nje isiyounganishwa na kompyuta hiyo, na nakala ijaribiwe kufunguliwa mahali pengine. Nakala isiyojaribiwa haitegemewi. Orodha ya michango ichapwe pia kwenye karatasi.

Pili, mafunzo. Karani afundishwe katika saa za kazi, kwa mshahara wake, kabla ya mwezi wa mabadiliko. Asiadhibiwe kwa makosa ya mfumo ambao hakuonyeshwa.

Tatu, gharama. Mashine, intaneti na fundi ni juu ya mwajiri. Mfanyakazi asiambiwe avute programu kwa fedha ya simu yake, wala asitakiwe kuleta kompyuta yake ya nyumbani.

Nne, wakati. Isifanywe juma la kulipa mishahara, wala siku ya mgao wa umeme. Kwa maofisi ya biashara ya samaki, miezi ya kufungwa uvuvi, Desemba mpaka Februari, kazi inapopungua, ndiyo yenye nafasi zaidi.

Tano, ukaguzi. Mwezi wa kwanza baada ya badiliko, kila mfanyakazi alinganishe hati yake ya mshahara na ile ya mwezi uliotangulia: jina, namba ya NAPSA, siku, makato. Asiyejua kusoma asaidiwe na mwenzake. Kosa likionekana lipelekwe kwa mwakilishi siku hiyo hiyo, lisingoje mwisho wa mwaka.

Na kwa wenzetu wanaovuka ziwa kwenda na kurudi Pweto na Kilwa kutafuta kazi, shauri ni hilo hilo, kwa mkazo zaidi. Unapoacha kazi upande mmoja, ondoka na karatasi yako mkononi. Usiseme «imo kwenye kompyuta». Hati za mshahara zitunzwe nyumbani ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni, mbali na maji na mchwa. Hazigharimu kitu kuzitunza, na hakuna kampuni itakayotangaza kwamba zimefikia mwisho.