Mahakama ya Rufani ya Saint-Denis na Haki Katika Visiwa Jirani

Askari anapomkamata mtu na kumfikisha mbele ya hakimu, kazi yake haimaliziki siku ile hukumu ya kwanza inaposomwa. Hukumu yaweza kukatiwa rufani, na majaji wengine wakaufungua upya ukurasa ule ule na kuuliza: mtu huyu alikamatwa na nani, saa ngapi, kwa amri ipi, na kwa ushahidi gani? Katika visiwa vya Réunion na Mayotte, vilivyomo Bahari ya Hindi chini ya utawala wa Ufaransa, mahakama iliyokabidhiwa kazi hiyo ina makao yake katika mji wa Saint-Denis, huko Réunion. Historia yake yafaa kujulikana na kila anayevaa sare, kwani ni historia ya haki iliyopindishwa na wenye nguvu, kisha ikanyoshwa kwa taabu kubwa.

Kisiwa cha Réunion kiko mashariki ya Madagaska, na zamani kiliitwa Bourbon. Mwaka 1723, kilipokuwa mikononi mwa Kampuni ya Kifaransa ya biashara ya India, kiliwekewa Baraza Kuu lenye madaraka ya kuhukumu. Mwezi Desemba mwaka huo huo mfalme wa Ufaransa akatoa sheria ya watumwa. Hivyo mahakama na utumwa vilikua pamoja kisiwani humo. Watumwa wenyewe walitoka Madagaska, Msumbiji na pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aliyeitwa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka.

Kesi iliyoipima mahakama hiyo kuliko nyingine zote ilianza mwaka 1817. Mtumwa mmoja mwenye umri wa miaka 31, jina lake Furcy, aliondoka nyumbani kwa Joseph Lory, aliyejiita bwana wake, akadai mbele ya sheria kwamba yeye ni mtu huru. Mama yake, Madeleine, mzaliwa wa Chandernagor katika India, alikuwa amepelekwa Ufaransa kabla ya kuletwa Bourbon. Kwa kanuni ya zamani ya Ufaransa, mtumwa aliyekanyaga ardhi ya nchi ile alihesabiwa kuwa huru. Ikiwa mama alikuwa huru, mtoto wake aliyezaliwa mwaka 1786 angewezaje kuwa mtumwa?

Furcy alikamatwa kama mtoro, akatiwa gerezani. Walikuwapo maofisa wa sheria waliomsikiliza: Gilbert Boucher, mwendesha mashtaka mkuu, na Sully-Brunet, aliyekuwa bado kijana katika kazi hiyo. Lakini wakubwa wa kisiwa, waliotajirika kwa mashamba na kwa jasho la watumwa, walighadhibika. Boucher aliondoshwa akarudi Ufaransa, na Sully-Brunet akahamishwa mbali na mji mkuu. Mwezi Desemba 1817 mahakama ya kwanza ilikataa madai ya Furcy. Mwezi Februari 1818 mahakama ya rufani ya kisiwa nayo ikayakataa. Mwishoni mwa mwaka huo, baada ya kukaa kifungoni kwa mwaka mmoja hivi, alipakiwa katika jahazi akapelekwa Morisi kwa jamaa za Lory, kufanya kazi katika shamba la miwa. Aliyethubutu kudai haki yake alikuwa ameondolewa kabisa mbele ya macho ya mahakama.

Hata hivyo Furcy hakukata tamaa. Aliupata uhuru wake huko Morisi, kisha akaifuata kesi yake hadi Ufaransa. Mwaka 1840 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, iitwayo Cour de cassation, iliitengua hukumu ya Bourbon, na tarehe 23 Desemba 1843 mahakama ya rufani ya Paris ikatamka kwamba Furcy alizaliwa mtu huru. Neno hilo moja lilimgharimu miaka 26. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakafunguliwa.

Leo Saint-Denis ni mojawapo ya mahakama 36 za rufani za Ufaransa. Kiongozi wa majaji ni rais wa kwanza wa mahakama, na upande wa mashtaka huongozwa na mwendesha mashtaka mkuu. Kwa kawaida rufani husikilizwa na majaji watatu, ambao huangalia upya mambo yalivyotokea pamoja na sheria yenyewe. Asiyeridhika bado aweza kwenda Paris, kwenye Cour de cassation, lakini huko hutazamwa sheria tu. Aliyetiwa hatiani kwa kosa la jinai ana siku 10 za kukata rufani. Tena, ikiwa ni yeye peke yake aliyekata rufani, mahakama haiwezi kumzidishia adhabu, ili mtu asiogope kudai haki yake. Kwa makosa makubwa kabisa, kama mauaji, hukumu ya baraza la wazee wa mahakama zamani haikuwa na rufani. Rufani hiyo ilianza mwaka 2001.

Ipo sehemu nyingine ya kazi hii inayowahusu askari moja kwa moja. Katika sheria ya Ufaransa, ofisa wa polisi, au wa jandameri, ambao ni wanajeshi wanaofanya kazi ya polisi, hawezi kuongoza upelelezi wa jinai kwa cheo chake tu. Ni lazima apewe kibali na mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama ya rufani, na huyo ndiye anayempima kazi yake, na kipimo hicho huangaliwa anapofikiriwa kupandishwa cheo. Ndani ya mahakama hiyo limo jopo la majaji wanaosimamia upelelezi. Jopo hilo husikiliza rufani za mahabusu, na laweza kufuta hatua za upelelezi zilizokiuka sheria. Zaidi ya hayo, laweza kumwita ofisa aliyekosa ajieleze, na kumnyang'anya madaraka ya upelelezi kwa muda au kwa maisha, mbali na adhabu atakayopewa na wakubwa wake. Kwa hiyo ofisa ana wakubwa wawili: kamanda wake na sheria.

Mayotte, ambacho wenyeji hukiita Maore, ni habari yenye uchungu zaidi. Komoro ilipojipatia uhuru mwaka 1975, Ufaransa ilikibakiza kisiwa hicho, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limetamka mara nyingi kwamba ni sehemu ya Komoro. Mwaka 2011 Ufaransa ilikifanya mkoa wake kamili, na mwaka huo huo Mamoudzou ikawekewa chemba ya rufani iliyo tawi la mahakama ya Saint-Denis, kwa kuwa kilomita kiasi cha 1,400 za bahari hutenganisha visiwa hivyo viwili.

Mwezi Novemba 2013 watoto wawili kutoka Nzwani, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 3, walikamatwa baharini karibu na Mayotte ndani ya chombo kidogo. Waliandikwa chini ya jina la mtu mzima asiye ndugu yao, na siku ile ile wakarudishwa, ingawa baba yao alikuwa akiishi Mayotte. Shauri hilo lilipita katika mahakama za utawala, wala si katika mahakama ya rufani ya Saint-Denis. Hatimaye, mwezi Juni 2020, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliitia Ufaransa hatiani, na miongoni mwa sababu ilizozitoa ni kwamba watoto wale hawakupewa nafasi ya kweli ya kusikilizwa kabla ya kuondolewa.

Kati ya jahazi la Furcy na chombo kile cha Nzwani imepita karibu miaka 200, na funzo ni lile lile. Mlango wa mahakama ya rufani waweza kuwa wazi mchana kutwa, lakini haumfai kitu mtu aliyekwisha kusafirishwa ng'ambo. Majaji huandika hukumu, lakini mwenye kumshika mtu mkono ni askari. Askari anayeandika saa ya kweli katika kitabu cha kituo, anayeandika jina la kweli la mtu aliyemshika, na anayengoja amri halali kabla ya kumwondosha, ndiye anayeifanya rufani iwe na maana.