Barabara imefungwa, lakini chukudu haijalala

Siku barabara ya Sake inafungwa, ukipita kwenye vijiji vya Masisi utaona chukudu zimeegemezwa ukutani, moja kando ya nyingine. Watoto wanazipanda kwa mchezo. Kuku wanalala chini yake. Mwenyewe anakaa mlangoni, anasubiri habari kwenye redio, na moyoni anajipa nguvu: hakuna kazi, lakini angalau chombo changu kinapumzika, hakiliki.

Hapo ndipo anajidanganya. Chukudu iliyosimama mwezi mzima kwenye jua na mvua haipumziki hata kidogo. Mbao zinapasuka, chuma kinashika kutu, mpira unakauka. Tena ubaya wake hauonekani ikiwa nyumbani. Unaonekana siku ya kwanza ya kurudi kazini, kwenye mteremko, magunia ya viazi yakiwa juu na bariere ikiwa mbele.

Kwa wale wanaotusoma kutoka mbali na hawajawahi kuiona: chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, hakina moteri wala pedali. Kile cha kawaida kina urefu wa karibu mita mbili. Mwenyewe anaweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine. Kwenye mlima anashuka na kusukuma kwa mabega. Watu wengi wanasema ilianza miaka ya 1970. Ya kawaida inabeba hadi kilo 400 na zaidi, na kubwa kabisa, zile za mita tatu, zinapita hapo. Ndiyo imelisha Goma kwa viazi, maharagi, kabichi, ndizi na makala, na ndiyo sababu mjini kuna sanamu yake, iliyosimamishwa mwaka 2009. Karibu na miaka hiyo, chukudu ya kawaida ilikuwa inanunuliwa kwa dolari 50, na kubwa dolari 100. Kwa mkulima wa Masisi hizo si franka za kuokota.

Mapumziko ya lazima yanakuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni mvua, na hiyo tumeizoea: kuanzia Septemba hadi Desemba, kisha Machi hadi Mei, udongo wa milima yetu unageuka sabuni. Ya pili ni vita, na hiyo haina kalenda. Januari 2023 mapigano yalifika Kitchanga. Februari 2024 yalikuwa karibu na Sake, na Goma ikakatwa na mashamba yanayoilisha. Januari 2025 yakafika Goma penyewe, na Machi ya mwaka huo yakafika Walikale-centre. Kila mara ni yale yale: bei ya viazi na maharagi inapanda mjini, mazao yanaoza shambani, na katikati yao kuna mtu mmoja na chukudu yake iliyosimama.

Sasa, afanye nini?

Aanze na mbao. Mwili wa chukudu mara nyingi unachongwa katika mkaratusi, mti ambao uko kila mahali kwetu na unakua haraka. Lakini mkaratusi una tabia mbaya: ukikauka kwa haraka unajipinda na kupasuka, na unaanza kupasuka kwenye ncha, juu ndipo maji yanatokea haraka kuliko kwenye ubavu. Kwa hiyo chukudu isiachwe juani. Iwekwe chini ya paa, inuliwe juu ya mawe mawili ili isiguse udongo, na zile ncha zipakwe mafuta machafu ya moteri. Mafuta hayo yanazuia ukavu wa haraka, na mchwa pia hawayapendi. Ukikuta ufa, usiufiche kwa msumari. Msumari kwenye ufa ni kama kabari, unazidi kuufungua. Zungushia ukanda wa bati ama waya, kaza, kisha tazama kila asubuhi kama ufa unaendelea. Ukiendelea, huo ubao haufai tena kazi ya mzigo.

Baada ya hapo ni rulema, zile duara za chuma zenye gololi ndani ambazo zinafanya gurudumu lizunguke vizuri. Nyingi zinatoka kwenye magari yaliyokufa. Wakati wa kazi, kuzunguka kwenyewe kunasambaza grisi. Ikisimama, maji yanakaa sehemu moja na kutu inakula gololi upande mmoja. Wazee wa kazi wanajua dawa yake, na haigharimu kitu: kila baada ya siku mbili tatu inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, sikiliza. Likilia kama mchanga uko ndani, litoe, osha kwa petroli, kausha, tia grisi mpya. Usioshe na kuacha bila grisi, hiyo ni kuharibu kabisa.

Lakini kama una siku moja tu ya kutengeneza chombo chako, usiipoteze kwenye rulema. Ipe freni.

Ziwa Kivu liko kwenye mita 1.460 hivi, na Sake iko karibu kabisa na maji. Vilima vya Masisi vinapita mita 2.000. Maana yake ni kwamba mzigo wetu wote unaenda mjini kwa kuteremka. Kupanda bila kitu kunachosha, kuteremka na kilo 400 kunaua. Na freni ya chukudu ni nini? Ni kipande cha mpira cha pine ya gari, kimefungwa nyuma, ambacho mwenyewe anakikanyaga kwa mguu kikakwaruze gurudumu. Basi. Na gurudumu lenyewe ni la mbao, limevishwa ukanda wa pine kwa misumari.

Kuna hesabu moja ambayo kila kijana anayeanza kazi hii angefaa kuijua. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kukusimamisha haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo maana chukudu inayotii freni pale juu, ikiachiwa kidogo tu, chini ya mteremko haisikii tena. Mzigo ukiongezeka nao unadai zaidi. Kwa hiyo mpira wa freni uliobaki mwembamba kama kiatu cha zamani ubadilishwe sasa, wakati hakuna mteja anayepiga kelele. Misumari inayoshika ukanda wa gurudumu ipigwe tena mmoja mmoja; mbao zikikauka zinapungua na misumari inalegea yenyewe, hata kama hakuna aliyeigusa. Ukanda ukifunguka kwenye mteremko, gurudumu linabaki mbao tupu kwenye mawe, na freni inakwaruza bure.

Nimesema bariere hapo juu, na si kwa bahati. Shirika la IPIS la Ubelgiji lilihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini kwenye ripoti yake ya 2017. Kila bariere ni mahali pa kusimama. Mtu mwenye silaha anayeona chukudu inamjia kwa mwendo bila kusimama hana namna ya kujua kama ni freni imekufa ama ni mtu anakimbia malipo. Hapo mwenye chukudu hatapewa nafasi ya kueleza. Kwa sisi huku, kipande cha pine chini ya kisigino ni jambo la uhai.

Upande wa Walikale mambo yanabadilika. Ukivuka milima na kuingia msituni, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, njia ni matope na mizizi, na chukudu, ambayo inapenda ardhi ngumu, inashindwa. Huko mwenye safari ndefu anasukuma kinga, yaani baiskeli: mafuta ya mawese, mchele ama chumvi kwenye barabara ya Kisangani, ama kwenye vijia vya kuelekea machimbo. Hapandi, anatembea kando yake. Fimbo moja imefungwa kwenye gido ili aiongoze akiwa nyuma, nyingine imesimama kwenye kiti ili asukume.

Kinga, iwe Hero ya India ama Phoenix ya China, ilitengenezwa ibebe mtu. Mzigo wa magunia unaibana hasa gurudumu la nyuma. Wakati wa mapumziko, liligeuze juu chini na gonga rayo zake kwa kijiti, moja baada ya nyingine. Rayo iliyokazwa inatoa sauti safi. Iliyolegea inatoa sauti iliyokufa. Kaza hiyo kabla rayo jirani hazijavunjika, juu zinabeba deni lake. Keria ya nyuma iongezewe chuma, na mahali pa kuunganisha pachomelewe vizuri, si kufungwa kwa waya peke yake. Kama wewe ni wa kusukuma tu, wengine wanatoa pedali na cheni kabisa: hazikupigi tena miguuni, na cheni inabaki kavu kwenye mfuko, imefungwa na kitambaa chenye mafuta.

Jambo moja kwa wabeba mawese, ambalo wengi hawalifikirii. Bido ikivuja, mafuta yanadondokea pine na mpira wa freni. Mpira uliolowa mafuta unavimba na kuwa laini, na siku unaukamata unateleza. Ukaguzi wa bido ni sehemu ya ukaguzi wa freni. Jaza kila bido maji, kaza kifuniko, ilaze usiku mzima kwenye ubavu. Asubuhi ardhi itakuambia. Zile kamba tunazokata kwenye mipira ya ndani ya pine nazo zitundikwe kivulini. Vuta kila moja kwa mikono miwili: ikionyesha nyufa ndogo ndogo, itakatika njiani.

Yote haya nimeyaandika kana kwamba mwenye chombo anakula vizuri na ana nafasi. Tunajua si hivyo. Juma la kwanza bila kazi mke anakopa unga. Juma la tatu mtu anatoa rulema na kuiuza. Wengine walichanja ubao wa chukudu wakaupikia, na kati ya walioikimbia Sake kuingia kwenye kambi za karibu na Goma, kuni zilikuwa shida ya kila siku. Siwezi kumlaumu baba aliyechoma chukudu yake ili watoto wale chakula kilichoiva. Lakini barabara inapofunguka, huyo anaanza kwa kukodi chukudu ya mwingine, na faida ya kila safari inagawanywa kabla hajafika nyumbani.

Kwa maoni yangu, likirimba zetu zingeweza kusaidia hapa, na si kwa kugawa franka tu. Watu kumi wakiweka pamoja rulema mbili, kilo moja ya grisi, misumari na kipande kizuri cha pine, vikakaa kwa mtu mmoja mwaminifu, vitu hivyo havitaliwa na njaa ya nyumba moja. Franka inashikwa na mkono wa kila mtu. Kipande cha pine hakiliki.

Siku habari inakuja kwamba njia imefunguka, kila mtu anataka kuwa wa kwanza kufika mjini, juu bei ya kwanza ndiyo nzuri. Hapo pia, poteza saa moja. Pakia mawe badala ya viazi, nusu ya mzigo wako wa kawaida, na utafute mteremko mfupi ambao chini yake kuna tambarare ya nyasi. Shuka polepole, kanyaga, simama. Rudia mara tatu. Kisha gusa gurudumu kwa kiganja: likiwa la moto upande mmoja tu, freni haikai sawa. Ifungue, uifunge upya, halafu ndipo uende kumwambia mama wa viazi kwamba uko tayari.