Unajiunga na chuo? Acha kozi yako ikuchagulie kipakatalishi

BARUA ya kujiunga na chuo imefika, sanduku na blanketi vimenunuliwa, na sasa nyumbani umebaki mjadala mmoja tu: kipakatalishi. Mjomba anashikilia kwamba ununue kipya hata kama ni kidogo. Binamu yako aliye mwaka wa tatu anasema mtumba ndio mpango. Rafiki yako wa shule naye ameshaposti picha ya MacBook, na wewe roho haitulii.

Tuliza boli kwanza. Katika familia nyingi hela hizo zimetoka kwa ng'ombe aliyeuzwa, chama cha mama au mkopo wa Sacco. Ukizitumia vibaya, hakuna atakayekupa nyingine mwezi ujao.

Swali la kuanzia si HP ama Lenovo. Jiulize kozi yako inatumia programu gani. Programu ndiyo huamua mfumo endeshi, yaani Windows, macOS au Linux, na mfumo endeshi ndio huamua mashine. Wengi huanza na mashine, kisha mwaka wa pili ndipo wanapogundua kwamba haiwezi kazi waliyopewa na mhadhiri.

Chukua mfano wa anayesomea uhandisi wa mitambo. SolidWorks hufanya kazi kwenye Windows pekee. Ndivyo ilivyo pia kwa Revit, inayotumiwa sana na wasanifu majengo, na ArcGIS Pro, ambayo wanaosomea ramani na upimaji ardhi hukutana nayo mapema. Hapo ile MacBook ya kuringia itakuacha ukipanga foleni kwenye maabara ya chuo. Kwa kozi za aina hii tafuta RAM ya 16GB na, mfuko ukiruhusu, mashine yenye kadi yake ya grafiki. Programu zenyewe zisikutishe bei: Autodesk huwapa wanafunzi AutoCAD na Revit bila malipo, mradi uthibitishe kwamba kweli unasoma. Hakuna haja ya kupakua toleo la wizi lililojaa virusi.

Wewe wa ualimu, sheria, uanahabari au biashara, mzigo wako ni mwepesi. Utaandika, utasoma PDF, utaingia kwenye tovuti ya chuo na kuhudhuria mihadhara ya mtandaoni. Mfumo wowote utakufaa. RAM ya 8GB na hifadhi ya SSD ya 256GB zinatosha kabisa. Usikubali diski ya zamani ile inayozunguka, hata ukiambiwa ina 500GB. Nafasi ni kubwa ndiyo, lakini utachemsha chai na kuinywa kabla mashine haijawaka.

Na kama hujui kozi yako inatumia nini? Usinunue bado. Ripoti chuoni na simu yako, kaa wiki mbili, kisha uwatafute makomredi wa mwaka wa pili wa kozi iyo hiyo. Si wa kozi jirani, wa kozi yako. Waulize wanatumia nini, nini kiliwasumbua, na maabara hufungwa saa ngapi.

Tuje sasa kwa hela. Tuseme umepewa Sh30,000. Kwa kiasi hicho, maoni yangu ni kwamba mtumba wa ofisini, kama vile HP EliteBook, Lenovo ThinkPad au Dell Latitude, ni afadhali kuliko kipya cha bei ya chini chenye prosesa ya Celeron na RAM ya 4GB. Mashine za ofisini ziliundwa kwa kazi ya kutwa, hufunguka kwa urahisi na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Nyingi hutoka Uingereza, na angalau chaja zake huja na plagi ya pini tatu kama yetu.

Lakini kuna mtego. Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Kampuni iliruhusu watu binafsi kujiandikisha kwa masasisho ya usalama ya mwaka mmoja zaidi tu, muda mfupi mno kwa mtu anayeanza kozi ya miaka minne. Windows 11 nayo haikubali kila mashine: kwa prosesa za Intel, inataka kizazi cha nane kwenda juu. EliteBook 840 G3, kwa mfano, ina prosesa za kizazi cha sita. Imewekwa nje hapo Luthuli Avenue, imepanguswa inang'aa, na muuzaji anakuapia kwamba ina Windows 11. Huenda ipo kweli, ila imeingizwa kwa kulazimisha, na Microsoft inasema mashine kama hiyo haina hakikisho la kupata masasisho.

Kujua kizazi si kazi ngumu. Soma namba ya prosesa yenyewe. Katika i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi hicho ni kizazi cha sita. Katika i5-8250U ni cha nane. Ukiona i5-10210U au i5-1135G7, hivyo ni vya kumi na kumi na moja. Na usidanganyike kwamba i7 ni bora siku zote. I7 ya kizazi cha nne ni mzee kuliko i5 ya kizazi cha nane.

Ukiwa bado dukani, usione haya kuikagua. Kama ni Windows, fungua cmd, andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Mashine itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti ya betri. Humo linganisha mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na Full Charge Capacity, uwezo wake leo. Ikiwa wa leo haufiki nusu, ongeza bei ya betri mpya kwenye hesabu yako au uombe ibadilishwe papo hapo. Kisha izime na kuiwasha upya ukiingia kwenye BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, rudisha mashine mezani uende zako. Baadhi ya mashine zilizokuwa za kampuni hubaki zimefungwa na wenyewe wa kwanza, na mzigo huo utakuwa wako.

Je, kama mfuko unafika kwenye kizazi cha sita tu? Hapo ndipo Linux inapokuja, ikiwa kozi yako haina programu za Windows pekee. Ubuntu na Linux Mint ni za bure na bado hupata masasisho kwenye mashine hizo. Unaweza kuziweka kwenye flashi na kuzijaribu bila kugusa kilichomo ndani, uone kama WiFi, sauti na kamera vinafanya kazi. Utaandikia kazi zako kwenye LibreOffice, ambayo hufungua faili za Word, ingawa wakati mwingine jedwali huhama. Kabla ya kumtumia mhadhiri, igeuze iwe PDF. Wa sayansi ya kompyuta na takwimu ndio watakaofurahia zaidi: Python na R zinaingia bila shida, na sava nyingi utakazokutana nazo kazini zinaendeshwa kwa Linux.

Kuhusu MacBook, ni mashine nzuri na betri yake hudumu, hasa zile zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2020 zikiwa na chipu za M za Apple. Za zamani zenye Intel ziache. Apple imeshatangaza kwamba macOS 26 ndiyo toleo la mwisho kwazo. Hakikisha pia aliyekuwa nayo ameitoa kwenye akaunti yake ya iCloud. Chromebook za mtumba ni rahisi, lakini hifadhi yake huwa ndogo na kazi nyingi inataka intaneti. Piga hesabu ya bando kwanza.

Ukishalipa, dai risiti yenye namba ya mashine na muda wa waranti kwa maandishi. Ipige picha, uitume kwa barua pepe yako mwenyewe. Mashine ikiibwa hosteli, namba hiyo ndiyo utakayopeleka kituo cha polisi. Na usiku huo huo wa kwanza, kabla ya filamu, washa Google Drive au OneDrive, ili tasnifu isikae mahali pamoja tu.