Dirisha Dogo Juu ya App Yako ya Pesa

Uko kwenye foleni dukani, umefungua app ulipe. Ghafla kiduara cha mesenja kinachomoza pembeni ya skrini na picha ya rafiki yako. Unakisukuma kando kwa kidole, unaweka PIN, basi.

Kiduara hicho ni dirisha linaloelea, yaani app moja inachora juu ya nyingine. Mara nyingi hakina ubaya wowote. Shida ni kwamba si lazima kiwe kidogo. App mbaya inaweza kutanua dirisha lake lijae skrini nzima, ilivishe rangi na nembo kama zetu, kisha ikuombe PIN. Wewe unajua unatuandikia sisi, kumbe app yetu imefunikwa huko chini na PIN imeenda kwa mwizi.

Ndiyo maana Android inataka app iwe na ruhusa maalum kabla ya kufanya hivyo. Android 12, iliyotoka 2021, iliongeza njia ya app kuficha madirisha ya wengine ikiwa yenyewe iko mbele, lakini simu za zamani hazina kinga hiyo. Wenye iPhone wamepona hapa: app za kawaida haziruhusiwi kuchora juu ya nyingine namna hii.

Fungua "Settings" na utafute "Display over other apps". Kwa Samsung imeandikwa "Appear on top". Utaona orodha. App ya kukutajia anayepiga simu, sawa, ina sababu. Lakini tochi? Kalkuleta? App ya mkopo uliyotumiwa kwa linki kwenye WhatsApp? Zima. Ikigoma kufanya kazi bila ruhusa hiyo, itoe kabisa.

Ukiwa huko, angalia pia "Accessibility". Ruhusa hii imewekwa kwa watu kama wasioona vizuri, ambao husomewa skrini kwa sauti. App iliyopewa ruhusa hii inaweza kusoma unachoandika na hata kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Sisi tunaiogopa zaidi kuliko hilo dirisha lenyewe, na zikiwa pamoja ndipo pesa huondoka bila wewe kujua.

Je, kama PIN umeshaiweka na sasa una wasiwasi? Ishara moja ni kuombwa PIN mara mbili mfululizo, au kuombwa wakati hulipi chochote. Usiibadilishe kwenye simu hiyo hiyo, maana huenda hata mpya ikaonekana. Toa laini, iweke kwenye simu nyingine, hata kabambe ya kubonyeza, badilisha PIN ukiwa huko, halafu pigia huduma kwa wateja wasimamishe akaunti kwa muda. Ile app ya kushuku itoe baadaye, kabla laini haijarudi kwenye simu yake.