Land Rover ya marehemu baba: kabla ya kumwita fundi, angalia kadi

Land Rover 109 za miaka ya 1970 bado zimelala kwenye nyua nyingi Tanzania, na watoto wanatamani kuifufua ya baba kwa kumbukumbu yake. Safi. Ila kadi ikiwa na jina la marehemu, gari ni la mirathi, si la aliyeshika funguo. Ukimwaga hela kwa fundi kisha ndugu wakasema liuzwe, utamlilia nani? Kwanza mahakama imteue msimamizi wa mirathi, ndipo jina libadilishwe TRA.

Gereji, anza na chasisi. Bodi sehemu kubwa ni alumini, haishiki kutu. Chasisi ni chuma, huoza kimyakimya. Rangi iwe mwisho. Na bampa aliyoipinda mzee mwenyewe getini? Usiinyooshe.