Nyumbani: Msaada Unaokua Pamoja na Mtu

Leo tutaeleza jinsi chama kimoja cha hisani cha Kikatoliki kinavyomsaidia mtu tangu uchanga mpaka uzee. Maneno ya somo hili yamepigwa chapa katika karatasi uliyo nayo mkononi. Sikiliza kwanza, kisha usome pole pole. Ukikuta neno gumu, litie alama, umwulize mwalimu wako baada ya somo.

Chama chenyewe kinaitwa Nyumbani, nacho kiko Kenya. Kilianzishwa Nairobi mwaka 1992 na Padre Angelo D'Agostino wa shirika la Wajesuiti, pamoja na Sista Mary Owens wa shirika la Loreto. Padre alizaliwa Marekani mwaka 1926, na kabla ya kuwa padre alikuwa daktari. Walianza na watoto watatu tu. Padre alifariki Nairobi mwaka 2006, na Sista akaiendeleza kazi.

MTOTO MCHANGA

Katika miaka ile ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umeenea sana. Akina mama wengi walikufa wakaacha watoto wachanga. Jamaa wengine waliogopa kuwachukua watoto hao, na makao mengi ya yatima hayakuwataka. Mtoto alipimwa damu, akaonekana ana ugonjwa, na habari yake ikaishia hapo.

Lakini, ndugu msomaji, kipimo kile hakikusema yote. Sikiliza vizuri, kwa maana hili ni jambo la kujua. Mwili wa mtu ukiingiwa na virusi hutengeneza askari wake wa kupigana navyo. Askari hao huitwa kingamwili. Kipimo cha kawaida hakitafuti virusi vyenyewe; hutafuta askari hao. Basi mama mwenye virusi humpa mtoto askari wake tangu tumboni. Mtoto akizaliwa, kipimo kitawaona askari wa mama yake hata kama mtoto hana virusi kabisa. Askari hao huisha pole pole, na kwa kawaida mtoto akifikisha miezi 18 wamekwisha. Hapo ndipo kipimo hicho husema kweli ya mtoto mwenyewe.

Kumbe wengi wa watoto waliokuwa wakikataliwa hawakuwa na ugonjwa! Hata bila dawa yoyote, watoto wengi wa mama wenye virusi huzaliwa na kukua bila kuambukizwa. Walichohitaji ni mtu wa kuwalisha, kuwaosha na kungoja. Ndiyo kazi ya kwanza ya makao ya Nyumbani, yaliyoko Karen, Nairobi. Aliyeonekana hana virusi aliweza kutafutiwa jamaa wa kumlea. Aliyeonekana anavyo alibaki, akatunzwa.

Siku hizi kuna kipimo kingine kinachotafuta virusi vyenyewe, na mtoto aweza kupimwa akiwa na wiki sita. Tena mama mja mzito akipimwa mapema na kupewa dawa, mtoto wake aweza kuzaliwa salama.

MTOTO PAMOJA NA JAMAA ZAKE

Si kila mtoto mgonjwa anayekosa watu. Wengine wana mama, shangazi au nyanya anayewapenda, ila nyumba haina chakula wala dawa. Mtoto wa namna hiyo hafai kuondolewa kwao. Kwa hiyo mwaka 1998 chama kilianzisha kazi ya pili, iitwayo Lea Toto. Jina hili halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili.

Watumishi wa Lea Toto hufanya kazi katika mitaa ya maskini ya Nairobi, kama vile Kangemi, Kibera, Kawangware na Dandora. Humtibu mtoto, humfundisha mlezi jinsi ya kumpa dawa kwa saa zake, na huenda mpaka mlangoni kutazama hali ya nyumba. Hapo mlezi ndiye mwuguzi wa kwanza, na chama ni msaidizi wake. Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Lakini mlezi naye ahitaji mtu wa kumshika mkono.

MWANAFUNZI

Katika miaka ya mwanzo dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilikuwa ghali mno. Watoto wengi walikufa wangali wadogo. Mwaka 2001 Padre D'Agostino alitangaza wazi kwamba ataagiza dawa za bei nafuu kutoka India. Dawa zilipopatikana kwa wingi zaidi, watoto waliokuwa wakingojea kufa wakaanza kunenepa, wakacheza mpira, wakafikia umri wa kwenda shule.

Hapo tatizo jipya likatokea. Mwaka 2003 Serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi, na watoto wengi wakakimbilia madarasani. Lakini watoto wa Nyumbani walipopelekwa shuleni, baadhi ya shule za serikali zilikataa kuwapokea. Watu waliogopa kwamba wataambukiza wenzao.

Hofu hiyo haikuwa na msingi. Virusi hivi haviambukizwi kwa kuketi dawati moja, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kikohozi. Chama kikalipeleka jambo hilo mahakamani. Mwanzoni mwa mwaka 2004 mapatano yakafanyika, na watoto wakafunguliwa milango ya shule. Tazama basi: kumsaidia mtoto si uji na blanketi tu. Pengine ni kusimama mbele ya sheria kwa niaba yake.

KIJANA

Mtoto akiwa kijana, mambo hubadilika tena. Mtoto mdogo hunywa dawa kwa kuwa ameambiwa anywe. Kijana huuliza, "Kwa nini mimi kila siku, na wenzangu hapana?" Yampasa aelezwe ukweli wa hali yake kwa maneno ya upole, na na mtu anayemwamini. Asipoelezwa, aweza kuziacha dawa. Akiziacha, virusi hupata nguvu tena, na dawa ile ile yaweza kushindwa baadaye.

Tena akitimiza miaka 18 yeye ni mtu mzima kwa sheria. Makao ya watoto si mahali pa kukaa maisha yote. Kwa hiyo ni lazima awe na elimu au ufundi wa kumpatia riziki, na awe na jamaa wanaomtambua. Habari njema ni hii: mtu anayekunywa dawa zake sawasawa mpaka virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenziwe wa ndoa. Aweza kuoa au kuolewa, na kupata watoto wasio na virusi. Yule mtoto aliyekataliwa aweza kuwa baba au mama wa nyumba yake mwenyewe.

MZEE

Sasa tufikirie upande wa wazee. UKIMWI uliwaua hasa watu wa makamo, wale ambao kwa desturi huwalea watoto kwa mkono mmoja na kuwatunza wazee kwa mkono wa pili. Walipokufa, nyanya akabaki bila mtunzaji, na mjukuu akabaki bila mlezi.

Mwaka 2006 chama kilifungua Kijiji cha Nyumbani huko Kitui, katika shamba la ekari 1,000 lililotolewa na baraza la wilaya. Huko kila nyumba huwa na mzee mmoja, kwa kawaida nyanya, pamoja na watoto wapatao kumi. Wengine ni wajukuu wake wa damu. Wengine ni yatima waliokabidhiwa kwake. Kwa Kikamba nyanya huitwa susu, na hilo si jina la mtu wa kuhurumiwa. Ni jina la mwenye nyumba. Mzee hupata watu wa kumchotea maji na kumpikia. Watoto hupata mtu wa kuwaonya, kuwafundisha lugha, na kuwaonyesha jinsi ya kuishi na watu. Kijijini mna zahanati, shule ya msingi, shule ya sekondari na mafunzo ya ufundi.

FEDHA HUTOKA WAPI?

Swali hili ni la haki, na kila mtu mzima ataliuliza. Chama hutegemea michango ya watu wa Kenya na wa nchi za nje. Dawa nazo, kwa miaka mingi, sehemu kubwa zimenunuliwa kwa misaada ya kigeni, hasa ya Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na watu wengi wanaoishi kwa dawa hizo wakaingiwa na wasiwasi. Kinachotolewa na mkono wa mbali chaweza kurudishwa na mkono huo huo.

Ndiyo maana kule Kitui wamepanda miti mingi ya mukau. Mukau ni mti wa nchi kavu, na mbao zake ni nzuri kwa samani. Kupanda miti ya kuuza ni njia ya kijiji kujitegemea siku za mbele. Mti hauvunwi mwaka ule uliopandwa, wala mtoto hakui kwa siku moja. Wote wawili huhitaji mtu asiyechoka mapema.

Hapa ndipo mwisho wa somo la leo. Kabla hujatoka darasani, zungumza na wenzako juu ya maswali haya:

1. Kwa nini kipimo cha kawaida cha damu hakitoshi kwa mtoto wa chini ya miezi 18?

2. Taja mambo mawili anayoyahitaji kijana ambayo mtoto mchanga hayahitaji.

3. Katika kijiji au mtaa wako, je, yuko mzee anayelea wajukuu peke yake? Darasa lenu laweza kumsaidia kwa jambo gani wiki hii, bila kungoja fedha za mtu mwingine?

Andika jibu la swali la tatu kwa sentensi tatu, umpe mwalimu wako. Kwaherini, mpaka somo lijalo.