Gari Kuukuu Lililo Kazini: Jinsi ya Kulisoma Kwenye Maonyesho

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lina masharti yake kabla gari halijahesabiwa kuwa la kihistoria. Liwe limetimiza angalau miaka 30. Liwe limetunzwa katika hali inayolingana na historia yake. Na lisiwe chombo cha usafiri cha kila siku.

Masharti mawili ya kwanza hayana ubishi. La tatu ukilipeleka Itigi, mkoani Singida, litazua kizaazaa. Katika mji ule wa reli, wenye machimbo ya jasi na njia ya vumbi inayoteremka kusini kuelekea Rungwa, gari la miaka 40 ambalo bado linawaka halina nafasi ya kulala bandani likisubiri sikukuu. Litatafutiwa gunia la kubeba. Kwa kipimo cha FIVA, gari hilo linapoteza sifa siku ileile linapopata kazi.

Mimi naona kwetu kazi ni sehemu ya historia ya gari, na kila ukarabati uliofanywa ili kazi isisimame ni ukurasa wa historia hiyo. Anayekwenda kwenye maonyesho bila kujua kuisoma ataishia kusifu rangi.

Maonyesho matatu, macho matatu

Onyesho la magari ya kale lenye jina kubwa Afrika Mashariki ni Africa Concours d'Elegance la Nairobi. Huandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, lilianza mwaka 1970, na kwa miaka mingi limefanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Magari hupangwa kwa madaraja kufuata ukubwa wa injini, na pikipiki zina madaraja yake. Majaji hupita na karatasi wakikagua bodi, siti, injini, buti na hata uvunguni. Tope lililosahaulika kwenye springi hupunguza alama. Hili ni jicho la usafi na utunzaji.

Jicho la pili ni la mbio. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikikata Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza, na mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mara zote mbili lililotangulia lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, naye akiwa ndani ya Peugeot 404. Tangu mwaka 2003 magari ya enzi zile yamerudishwa barabarani katika East African Safari Classic Rally. Mashabiki wa mbio hawaulizi rangi. Wanauliza nani amefika.

Onyesho la tatu ni la juzi tu. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, likilenga kuvunja rekodi ya msururu mrefu wa magari ya aina hiyo iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani kwa magari 632. Kwa mtu wa Itigi hili ndilo lililo jirani zaidi, kwa njia na kwa tabia. Kwa njia, kwa sababu ni lami kupitia Manyoni, Singida, Katesh na Babati. Kwa tabia, kwa sababu Arusha ni mji wa utalii, na Land Rover nyingi za huko zimezeeka zikibeba wageni mbugani.

Kule Marekani kuna desturi nyingine, ya kutoka jioni na gari la zamani na kuzunguka nalo mjini kwa raha. Mkusanyiko wa Woodward Dream Cruise, unaofanyika kila Agosti karibu na Detroit tangu mwaka 1995, umekuza desturi hiyo ikawa sherehe kubwa. Kwetu raha hiyo ilikosa mafuta. Wasomaji wenye umri wanakumbuka miaka ya shida ya fedha za kigeni, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, magari binafsi yalipopigwa marufuku kutembea Jumapili mchana ili kubana matumizi ya petroli. Spea nazo zilikuwa adimu. Gari lililovuka kipindi kile lilivushwa na fundi.

Soma umri kabla ya kusoma rangi

Tuchukue Land Rover, maana ndiyo utakayoikuta kwa wingi. Ilizinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, na fremu ya chini ikabaki ya chuma. Uamuzi huo wa dharura ndio uliofanya bodi za miaka ya 1950 zionekane hadi leo.

Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, na mabega ya ubavuni yakawa na mviringo. Tazama taa za mbele: kama ziko katikati, zimebanana karibu na wavu wa rejeta, gari ni la kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Kama zimehamia kwenye mabawa, ni la baada ya hapo. Toleo la tatu, la mwaka 1971, lina wavu wa plastiki mbele, na mita zake zimetoka katikati ya dashibodi zikaja mbele ya dereva. Mwaka 1983 ikaja 110, yenye springi za mzunguko badala ya zile za bapa. Jina la Defender likaanza kutumika mwaka 1990, na gari la mwisho la ukoo huo likatoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Tahadhari moja: bodi za Land Rover hufungwa kwa bolti, na bawa la toleo moja huweza kuvishwa fremu ya toleo jingine. Ukikuta taa za mwaka 1972 na dashibodi ya mwaka 1962, usikimbilie kusema umedanganywa. Tafuta namba ya chasisi, ilinganishe na kadi, kisha muulize mwenyewe. Huenda bawa lile lilitoka kwenye gari lililopinduka, na jibu hilo lina thamani kuliko bawa lenyewe.

Soma pia mlango. Magari mengi ya mikoani yalianza maisha serikalini, kwenye mashirika ya umma, kwenye miradi ya wafadhili au kwenye misheni. Mahali rangi ya juu ilipochubuka, huwa unaonekana ukingo wa nembo au mabaki ya herufi za namba za zamani: STK ya serikali, SU ya mashirika ya umma au DFP ya miradi ya wafadhili. Fundi rangi hodari atataka kukwangua yote hayo na kuanza upya. Kwenye onyesho la usafi atapata alama. Lakini atakuwa amefuta ushahidi ambao hakuna karatasi inayoweza kuurudisha, hasa kama faili la gari lilipotea pamoja na shirika lililokuwa nalo.

Kutu, jua na vumbi

Hali ya hewa ya Singida ina upendeleo wake kwa magari. Mvua ni za msimu mmoja, na hakuna chumvi ya bahari hewani. Gari la Tanga au Unguja huoza kwa kuliwa na unyevu wenye chumvi. La Itigi hukauka. Ndiyo maana fremu ya gari la bara ina nafasi nzuri ya kuwa nzima.

Hata hivyo usiishie kuamini hali ya hewa. Aluminiamu na chuma vikigusana penye maji, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na alama yake ni unga mweupe kuzunguka ribiti na bolti. Inama utazame fremu: gonga kwa fundo la kidole, kwa idhini ya mwenyewe, kwenye mikono inayoshika bodi na sehemu ya nyuma ya mwisho. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa. Ukiona rangi nene mpya uvunguni wakati bodi ina rangi ya zamani, jiulize kilichofunikwa ni nini.

Jua nalo lina madhara yake. Mipira ya madirisha hupasuka, dashibodi hupauka, siti huchanika kwenye mishono. Vumbi ni adui wa ndani. Land Rover za zamani zilikuwa na chujio la hewa la bakuli la oili: hewa hupita juu ya oili, mchanga hunaswa, na bakuli husafishwa. Ukilikuta bado lipo na oili yake ni safi, mwenye gari anajua anachofanya. Ukikuta bomba la hewa limeachwa wazi, injini ile inasaga mchanga kila inapovuta pumzi, hata kama boneti inang'aa.

Injini ya Toyota ndani ya Land Rover

Hapa ndipo wapenzi wa magari wanapogombana. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokuja na Land Rover nyingi inapenda mafuta kuliko mfuko wa mwenye gari. Fundi anaitoa, anafunga dizeli ya Toyota ambayo spea zake zinapatikana hata miji midogo. Kwa jaji wa Nairobi huo ni upungufu wa uhalisi. Wacuba wangemcheka: magari yao ya Kimarekani ya kabla ya mapinduzi ya 1959 yameendelea kutembea kwa injini za dizeli kutoka kwingine, na dunia nzima inasafiri kwenda Havana kuyapiga picha.

Tofauti iko kwenye ubora wa kazi, na mtazamaji wa kawaida anaweza kuupima. Angalia kwanza vishikio vya injini: vimechomelewa kwa mshono uliolala sawa, au vimebandikwa kwa madonge? Angalia rejeta kama inatosha injini mpya, na mabomba ya mafuta kama yamepita mbali na ekzosi. Springi za mbele zilizolala zinaonyesha kuwa uzito uliongezwa bila kufikiriwa. Muulize mwenyewe kuhusu difu. Difu nyingi za Land Rover za zamani zina uwiano wa 4.7, yaani propela huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Dizeli haipendi kuzunguka kwa kasi kama petroli, hivyo gari lenye difu ileile litakuwa na nguvu ya kuvuta lakini litalia barabarani likifika mwendo wa basi. Fundi aliyewaza hadi difu ameibuni upya njia nzima ya nguvu.

Kisha breki. Nguvu ikiongezwa, breki nazo ziongezwe. Injini mpya yenye ngoma za breki za mwaka 1965 zisizoguswa ni kazi iliyoachwa nusu, na ni hatari kwa wapita njia. Na kwa kuwa kadi ya gari hubeba namba ya injini, mabadiliko hayo yanatakiwa kufika Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwenye gari asiye na jibu juu ya hilo ana kasoro isiyoonekana kwa macho.

Adabu ya uwanjani

Anza kwa salamu. Wenye magari haya wengi ni wazee, na shikamoo hufungua boneti haraka kuliko maswali. Usiegemee bodi, kifungo cha suruali huacha mkwaruzo. Usifungue mlango wala kuingia bila kukaribishwa, na mtoto ashikwe mkono. Swali la "unauza shilingi ngapi" liache la mwisho au usiliulize kabisa. Uliza lilitoka wapi, nani alilitengeneza, na safari gani lilikwama njiani. Kama mzee anamtaja fundi kwa jina, mtafute fundi huyo. Pengine amesimama hapohapo nyuma ya gari na hakuna aliyemsalimia.

Wenye magari nao wana wajibu. Kupiga resi za kelele na kuzungusha matairi palepale ndiko kunakofanya mikusanyiko ya jioni ikatazwe. Kizima moto na pembetatu viwemo, na gari lisiondoke likiwa na taa moja.

Itigi ikiamua

Onyesho halihitaji mji mkubwa. Kanda ya Kati ina Nane Nane yake Nzuguni, Dodoma, na polisi wa usalama barabarani wana wiki yao ya ukaguzi wa magari. Tukio lolote la namna hiyo linaweza kupewa saa mbili za jioni kwa magari yaliyovuka miaka 30. Kinachohitajika ni karatasi ya alama iliyotungwa kwa ajili ya mahali penyewe.

Yangu ingekuwa hivi. Gari lifike kwa magurudumu yake, lisibebwe wala kuvutwa. Alama za juu kabisa ziende kwenye usalama: breki, usukani, taa, matairi. Zinazofuata ziende kwenye ubora wa ukarabati, na fundi asimame pamoja na mwenye gari kuueleza. Kisha historia: kadi, picha, nembo za mlangoni, simulizi linalolingana na namba za chasisi. Rangi na ung'avu vipewe sehemu ndogo iliyobaki. Na pawe na daraja la pekee kwa gari lililobaki na injini yake ya kiwandani, kwa sababu magari ya namna hiyo yanakwisha na yakishabadilishwa hayarudi.

Wazee walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kamba iliyozeeka huwa bado ina nguvu ambayo ukambaa mpya haujaipata, ila sharti ivutwe ndipo ijulikane. Magari yetu yanavutwa kila siku, na karatasi ya alama iliyotungwa Itigi itayapa alama kwa hilo badala ya kuyakata.